Kabureta ya Pili

Mzungu aliyeniuzia kigari kile alikuwa anarudi kwao. Ilikuwa miezi michache tu baada ya Uhuru wa Uganda, na wengi waliokuwa wakifanya kazi serikalini pale Tororo walikuwa wanafungasha vyombo. Nilikuwa nimekitengeneza mara nyingi, breki zake, plagi zake, rejeta yake iliyopenda kuvuja, na siku alipokuja kuniaga aliniuliza kama ningependa kukichukua. Nilipenda.

Kilikuwa kigari cha Kiingereza cha milango miwili, cha rangi ya kijivu, chenye mgongo wa mviringo na taa mbili zilizokaa kwenye mashavu yake. Kila mtu wa rika langu anakikumbuka, maana walimu na makarani wengi walikuwa navyo. Ubaya wake ulikuwa injini. Kwenye tambarare kilikwenda vizuri, lakini kikifika mlimani ilinibidi nishuke mpaka gia ya kwanza, na wenye baiskeli waliokuwa wakisukuma baiskeli zao kando ya barabara waliweza kunisalimia, kuniuliza habari za nyumbani na kupata majibu yote kabla hatujafika juu.

Nilikuwa fundi katika karakana ya malori mjini. Nyumbani kwangu ni Kisoko, na huko niliishi na mke wangu, watoto wetu na mama yangu. Kwa mama yetu tulizaliwa wawili tu, mimi na dada yangu anayenifuata. Dada yangu aliolewa ng'ambo ya pili, upande wa Kenya wa Busia, na Msamia mmoja aliyekuwa dereva wa lori la pamba. Mimi Kisamia chake sikukijua, naye Kidhopadhola changu hakukijua, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Kiswahili, na magari. Tangu siku alipokuja kujitambulisha kwa wazee wetu, wengine walipokuwa wanazungumza habari za ng'ombe, yeye aliniuliza kwa sauti ya chini lori letu la karakanani linatumia gia boksi gani.

Ni yeye aliyeiona injini nyingine. Alikuja Kisoko Jumapili moja, hakungoja hata maji ya kunywa.

"Shemeji," akaniambia, "nimekutafutia dawa ya kile kigari chako."

"Dawa gani?"

"Kuna gari limepinduka karibu na Malaba. Limetengenezwa na kiwanda kilekile kilichotengeneza chako, lakini hili ni la wakubwa, la mbio. Bodi imekwisha kabisa, paa limelala juu ya viti. Injini haijaguswa. Ina kabureta mbili."

Tulikwenda kuliona kesho yake. Lilikuwa limeegemezwa nyuma ya duka, kuku wakilala ndani. Nilifungua boneti iliyokunjamana nikaziona kabureta mbili zimesimama bega kwa bega, kila moja ikilisha silinda zake mbili, zimeunganishwa na kijiti chembamba cha chuma ili mguu wa dereva ukikanyaga, zote zifunguke pamoja. Nikamgeukia shemeji yangu. Alinitazama usoni tu, akacheka, nami nikacheka.

Kazi ya kuihamishia injini ile kwenye kigari changu ilituchukua karibu mwaka mzima. Tuliifanya Jumapili baada ya kanisa, nyuma ya nyumba yangu, chini ya paa la mabati nililolisimamisha kwa ajili hiyo. Injini mpya ilikuwa ndefu na nzito kuliko ya zamani. Nilikata chuma cha mbele, nikasogeza rejeta, nikachomelea viti vipya vya kuikalisha. Shafti inayopeleka nguvu nyuma ilibidi ifupishwe, na kuifupisha bila kuipinda ni kazi ya kushikilia pumzi. Tulipoishusha injini mara ya kwanza, pua ya gari iliinama kama ng'ombe anayekunywa maji. Kigari kile mbele hakikuwa na springi za kawaida, kilibebwa na vyuma viwili virefu vinavyojipinda, basi nikavifungua na kuvirudisha vikiwa vimekazwa zaidi, mara tatu, mpaka pua ikainuka sawasawa. Nyuma tuliongeza jani moja katika kila springi na kuzilaza ili gari likae chini, tukafunga shokomzoba za pikapu badala ya zile za asili zilizochoka. Breki tulizitoa zote kwenye lile gari la Malaba, maana nilisema siwezi kukipa kitu mbio nisikipe pa kusimamia.

Yeye alitafuta, mimi nilifunga. Akitoka safari ya Kisumu na lori, aliniletea gasketi au mpira wa rejeta amefunga katika shati lake. Dada yangu alikuja naye mara nyingi, wakivuka mpaka pale Busia kwa basi, na yeye na mke wangu walipika ugali wa wimbi na samaki wakatucheka kwa jinsi tulivyokula bila kunawa vizuri. Nikisema zile zilikuwa siku njema za maisha yangu, nasema kweli, na hilo ndilo linalonichoma hadi leo ninapozikumbuka.

Siku tuliyokiwasha kwa mara ya kwanza barabarani, yeye ndiye aliyeshika usukani. Hilo halikuwa na mjadala. Mimi naendesha kama fundi, nasikiliza kila sauti na kuogopa. Yeye alikuwa na mikono. Tulitoka Tororo tukaelekea Busia, na tulipopita Buteba alikuwa anaingia kwenye kona za barabara ya udongo wa murram kwa namna ambayo sikujua gari linaweza. Mgongo haukuyumba. Alipiga usukani kwa kiganja akapaza sauti, "Shemeji, umeumba!"

Habari zilienea. Mtu wa pamba, tajiri mwenye kinu cha kuchambulia, alikuja Jumapili moja, shemeji yangu akiwapo, mpaka nyumbani kwangu Kisoko akiwa na gari lake jipya, kubwa, alilokuwa akilitumia katika mashindano ya kupanda kilima. Mashindano hayo yalifanyika kila mwaka nje kidogo ya Tororo. Zamani yalikuwa ya Wazungu na Wahindi, lakini sasa mlango ulikuwa wazi kwa yeyote mwenye gari. Tajiri alinisalimia kwa heshima, akaomba kuona. Niliinua boneti. Aliinama, akatazama kwa muda mrefu, akauliza maswali mawili ya maana, kisha akanishukuru. Alipoondoka alimpa mkono shemeji yangu akaushikilia kidogo. Niliona. Nilidhani ni heshima ya mtu wa mbio kwa mtu wa mbio.

Tukajiandikisha. Karakanani hakukuwa na habari nyingine. Tulikuwa sisi peke yetu wenye gari lililoundwa na mikono ya watu wa hapa, na watu niliokuwa siwajui walinisimamisha sokoni kuniuliza kama ni kweli.

Jumamosi ya mashindano tulifika asubuhi. Barabara ilipanda kilima kwa kona saba au nane, kila gari lilipanda peke yake mara moja tu, na saa ikasema nani mshindi. Niliikagua injini kwa vidole vyangu, kila nati, kila waya. Niligusa kijiti kile cha kuunganisha kabureta, na pini yake. Ile ni pini ndogo ya miguu miwili: unaiingiza ikiwa imenyooka, kisha unaikunja miguu ili isitoke. Miguu ilikuwa imekunjwa. Niliikunja mwenyewe.

Nilitaka kukaa pale chini mpaka aondoke. Shemeji yangu alinishika bega.

"Nenda juu, shemeji. Panda lile lori la waamuzi. Nataka uwe pale ukione kigari chako kikifika."

Nikaenda. Nilisimama juu, kwenye mstari wa kumalizia, kati ya watu wengi, na waliponitambua walinisogeza mbele. Gari la tajiri lilipanda vizuri, vumbi lake likakaa hewani. Kisha bendera ikashushwa kule chini kwa ajili yetu.

Nilisikia kabla sijaona. Mtu aliyeunda injini anaijua sauti yake kama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Ilianza vizuri, kisha ilipofika kwenye mwinuko, mahali pa kunguruma, ikalia kwa tumbo tupu. Silinda mbili zilikuwa zinavuta, mbili zinabebwa. Nikasema kwa sauti, "Ya pili haifunguki." Mtu aliyekuwa kando yangu akaniuliza nasema nini. Kigari kilitokea kwenye kona ya mwisho kikikohoa, kikapanda mpaka kwetu polepole kiasi kwamba mtoto angeweza kukimbia kando yake.

Watu walianza kucheka. Haikuwa kwa ubaya mwanzoni. Shemeji yangu alishuka, akajipangusa vumbi usoni, na watu walipomzunguka wakitaka kujua kimetokea nini, alisema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Mimi nimekanyaga mpaka chini. Injini ndiyo imekataa. Huyu shemeji yangu ni fundi mzuri wa malori, lakini mambo ya mbio..." Akatikisa kichwa.

Sasa wakacheka kwa ubaya.

Nilikwenda kufungua boneti. Akaushika mkono wangu. "Usiifungue, ina moto. Usijiaibishe mbele ya watu. Nenda nayo nyumbani pole pole, mimi nitakuja kesho tuitazame." Kisha akaondoka na watu wengine, na sikuona aliondoka katika gari la nani.

Nilishuka kilima peke yangu, ninashukuru kwamba kushuka hakutaki nguvu. Nilipopata mti wenye kivuli njiani nikasimama, nikafungua. Sikuhitaji kutafuta. Pini haikuwepo. Haikuvunjika, maana pini ikivunjika huacha miguu yake tunduni, na tundu lile lilikuwa safi. Mtu aliinyoosha miguu kwa koleo akaitoa. Na kile kijiti cha kuunganisha, ambacho kingeweza kuning'inia na kuukwamisha mguu wa mafuta na kumuua dereva kwenye kona, hakikuwa kinaning'inia. Kilikuwa kimerudishwa nyuma taratibu na kufungwa kwenye bomba la petroli kwa uzi. Kazi nadhifu. Ni mtu anayeijua injini aliyefanya, mtu aliyetaka ishindwe lakini yeye mwenyewe asiumie.

Uzi ulikuwa wa buluu, ule mnene wa kushonea sare za shule.

Dada yangu alikuwa mshonaji.

Jumapili sikuenda kanisani. Nilifunga pini mpya nikaelekea Busia, nikaacha gari upande wetu, nikavuka kizuizi kwa miguu kama watu wengi. Nilimkuta dada yangu peke yake na cherehani yake barazani, watoto wamekwenda kanisani na baba yao. Alipoona ni mimi alisimama kwa furaha, kisha akauona uzi mkononi mwangu, akakaa tena.

"Huu ni wako?" nikamuuliza, kwa lugha yetu.

"Kaka, keti kwanza."

"Sikuja kukaa."

Aliondoa mguu wake kwenye cherehani. "Aliniomba Alhamisi. Nilimuuliza anataka kushona nini. Akaniambia."

Mpaka wakati ule, nakiri, nilikuwa nimekuja kumshitaki mumewe kwake. Nilidhani tutalia pamoja. Nilishika nguzo ya baraza.

"Alhamisi," nikasema. "Ulikuwa na Ijumaa nzima. Mabasi ya Tororo yanapita hapa mlangoni pako."

"Nilisimama barabarani Ijumaa. Basi likasimama. Kondakta akaniuliza napanda au sipandi. Nikamwambia aende."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kila msimu wa pamba ukiisha, mume wangu anaambiwa akae nyumbani mpaka aitwe tena. Nina watoto wanne. Yule tajiri amempa kazi ya kudumu, awe dereva wake, na chumba cha mbele cha duka lake niweke cherehani. Wewe una kazi yako, kaka. Nilisema moyoni, atapoteza mchana mmoja tu."

"Mimi ni fundi," nikamwambia. "Hukunipotezea mchana mmoja tu."

Alifunika uso kwa kitambaa alichokuwa anashona, sare ya mtoto wa watu. Sikumgusa. Ningependa kuandika kwamba nilimgusa.

Shemeji yangu akaingia na watoto, amevaa koti lake la kanisani. "Shemeji, karibu! Nilikuwa nataka kuja..." Akaona uzi juu ya cherehani. Akawaambia watoto waende kwa jirani. Alipogeuka kwangu uso wake ulikuwa umebadilika, lakini haukuwa uso wa mtu mwenye aibu. Ulikuwa wa mtu aliyechoka kungoja.

"Ile injini ni nani aliyeiona?" akauliza.

"Ni wewe."

"Nani aliyebeba vyuma kutoka Kisumu? Nani aliyekaa na wewe Jumapili zote zile? Kama tungeshinda, watu wangesema gari la nani? Lako. Mimi ningepewa nini? Kupigiwa makofi, na Jumatatu nirudi kwenye lori la mtu."

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

"Hapana."

"Basi ndiyo maana."

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, na yote yalikuwa ya kumjibu mtu anayekana. Yeye hakukana. Nikamuuliza kitu kimoja tu: "Kwa nini ulinipeleka juu?"

Hapo ndipo alipotazama chini. "Nisingeweza kuitoa ukiwa unaniangalia," akasema.

Nilivuka mpaka nikarudi.

Mke wangu alitaka nitangaze. "Waambie watu," alisema kila siku kwa juma zima. "Waonyeshe uzi." Lakini nilikuwa nimeufikiria uzi ule kutoka kila upande. Ningewaambia watu, wangeuliza umetoka nyumba gani. Upande wa Kenya wangemcheka mume, lakini huku Kisoko wangesema habari za dada yangu, mtoto wa mama yangu, na mama yetu alikuwa bado hai na masikio yake yalikuwa mazima. Nikanyamaza. Karakanani walinifanya kichekesho. Mmoja wao, mtu wa Tororo mwenye mdomo, alikuwa akiniona tu anaita, "Fundi! Gari ya wewe nakunywa uji?" na wote wanaangua kicheko. Watu waliokuwa wakiniletea magari yao Jumapili walipungua, kisha wakakoma. Hawakunitukana. Walinisalimia vizuri kabisa, wakapeleka magari kwingine.

Siku moja ya kazi, mchana, nilimpandisha mke wangu katika kiti cha pembeni nikampeleka kwenye kilima kile. Hakukuwa na mtu isipokuwa wanawake wawili waliobeba kuni, wakatupisha. Nilikanyaga. Kabureta zote mbili zilifunguka, na kigari kikapanda kwa mngurumo ule niliousubiri mwaka mzima, kikakamata kila kona, springi za nyuma zimetulia kama zimegundishwa chini. Mimi si dereva, lakini hata kwa mikono yangu tulifika juu kwa namna ambayo ningetaka watu waione. Nilizima injini. Mke wangu aliachia mlango alioushikilia.

"Ndiyo hii?" akauliza.

"Ndiyo hii."

Akajipangusa vumbi. "Basi turudi. Nimeacha maharage jikoni."

Shemeji yangu alipata kazi yake. Sitasema kwamba iliharibika, maana haikuharibika. Alimwendeshea tajiri miaka mingi, akajenga nyumba ya mabati, na watoto wake walisoma. Mara moja tu, karibu mwaka baadaye, alinitumia mtu karakanani. Gari la tajiri lilikuwa limepoteza nguvu na mafundi watatu walishindwa kuligundua. Je, ningeweza kuja kulisikiliza tu? Nilimwambia yule mjumbe nina kazi nyingi. Sikuwa na kazi hata moja siku hiyo. Nilishika spana nikaanza kufungua kitu ambacho hakikuhitaji kufunguliwa, ili asinione nimekaa.

Dada yangu hakuja Kisoko kwa miaka miwili. Krismasi alituma nguo za watoto wetu, ameshona vizuri, na mke wangu aliwavalisha bila kuniuliza. Alikuja mama yetu alipougua. Alifika na kikapu, akaingia moja kwa moja chumbani kwa mama, na kwa siku tatu tulipishana mlangoni kama wapangaji. Siku ya tatu mama alikunywa uji wote, akaketi, akatuuliza sisi wawili tuna nini. Tukasema hatuna kitu.

Nje, dada yangu alikuwa anaosha sufuria. Hakuinua kichwa.

"Bado una hasira?"

"Ndiyo."

"Mimi pia ningekuwa nayo," akasema, na akaendelea kusugua.

Alasiri alipotaka kurudi nilimwambia nitampeleka. Alisita kuona ni gari gani, kisha akapanda, akaweka kikapu magotini. Nilikwenda taratibu njia nzima. Alinieleza habari za mtoto wake wa kwanza, jinsi anavyopenda hesabu, nami nikamweleza habari za mvua na mihogo. Pale Busia nilisimama kabla ya kizuizi, akashuka, akainama dirishani kunishukuru. Mimi na yeye tulijua kwamba ndugu anapomsindikiza ndugu yake humpa salamu za kuwapelekea wa nyumbani. Nilitaja watoto wote wanne, mmoja mmoja. Akangoja kidogo jina la baba yao. Kisha akasema amezishika salamu, akavuka, nami nikageuza gari.